Usiende na Habari, Nenda na Unga

Bila shaka umewahi kuona katika televisheni wanajeshi wetu wakiagwa kwenda misheni nchi za nje. Kuna gwaride, kuna bendi, kuna wakubwa wanaopeana mikono, na askari wenye mikoba mikubwa wakipanda ndege. Baada ya hapo taarifa huishia, tukaletewa habari za michezo.

Lakini kuna mama ambaye saa hiyo anarudi nyumbani na mtoto mgongoni. Anafungua mlango na kukuta ndara za mumewe pale pale alipoziacha asubuhi. Jioni hiyo lazima apike. Kesho lazima mtoto mkubwa aende shule. Hali hiyo itaendelea kwa karibu mwaka mzima, na hakuna bendi itakayompigia yeye.

Leo nataka tuzungumze juu ya watu wanaomsaidia mama huyo: makasisi na maimamu wa jeshi, wauguzi, makarani, washauri nasaha, walimu na majirani wanaojitolea bila malipo. Nazungumza kama mmoja wao, tena mmoja aliyewahi kukosea vibaya.

Mimi ni mtoto wa kambini. Mwaka 1989, Kenya ilipotoa batalioni moja kwenda Namibia katika kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichosimamia uchaguzi na uhuru wa nchi ile, baba yangu alikuwa miongoni mwa waliokwenda. Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Wakubwa walijua kwamba historia inaandikwa, na kweli bendera ya Namibia huru ilipandishwa Machi 21, 1990. Sisi watoto tulichojua ni kwamba Krismasi ilifika na baba hayupo.

Zama hizo hapakuwa na simu za mkononi. Palikuwa na barua, nazo zilichukua majuma kadhaa njiani. Mama yangu hakuwa amesoma. Mlango wa tatu kutoka kwetu aliishi mke wa sajini mmoja, mtu mzima, ambaye sisi watoto tulimwita Mama Mkubwa ingawa hakuwa ndugu yetu wa damu. Huyo ndiye aliyewasomea barua wake wengi wa askari katika laini yetu. Barua ikifika, mama alijifunga leso, akanishika mkono, tukaenda. Mama Mkubwa alifunga mlango, akavaa miwani, akasoma polepole. Palipotakiwa kurudiwa alirudia. Kisha aliandika jibu kama alivyoambiwa, akalamba bahasha na kuifunga mbele ya macho yetu.

Ndani ya barua zile mlikuwa na mambo ya pesa, ya shamba, ya wakwe, na mengine ya mume na mke ambayo mimi nilitolewa nje nisiyasikie. Naamini barua za nyumba nyingine zilikuwa na mazito zaidi. Wala hatukuwahi kusikia hata neno moja kule bombani, mahali ambapo habari za kambi nzima zilitekwa pamoja na maji. Siku moja, kwa utoto wangu, nilimwuliza baba wa rafiki yangu ameandika nini. Alinitazama juu ya miwani yake akasema, "Mwanangu, nimewaazima macho. Mdomo sikuwaazima."

Nilicheka. Sikujua kwamba ningekuja kulikumbuka neno hilo nikiwa mtu mzima, nikilia.

Nilipokua nikawa mwalimu wa shule ya msingi, na kazi ikanileta Eldoret. Katika madarasa yangu hapakukosekana watoto wa askari. Oktoba 2011 majeshi yetu yaliingia Somalia, na mwaka uliofuata yakajiunga na kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM. Tangu hapo mwalimu aliweza kutambua ni baba wa nani ameondoka kabla hajaambiwa. Mtoto aliyekuwa na mwandiko mzuri anaanza kuandika ovyo. Msichana mchangamfu anasinzia darasani, kumbe usiku anambembeleza kitinda mimba ili mama yao alale kidogo. Mvulana wa darasa la nne anakojoa kitandani, anaona haya, na haya hiyo anaigeuza kuwa ngumi.

Tulijikusanya watu kumi na mmoja: walimu wawili, muuguzi mstaafu, akina mama wa kanisani na wa msikitini, na mzee mmoja seremala ambaye mwanawe alikuwa jeshini. Tulimwendea kasisi wa kambi tukamwuliza tufanye nini. Alitueleza kwamba kazi imekwisha gawanywa. Mambo ya mshahara, hati na matibabu yana makarani na maafisa wake. Zahanati ina wauguzi. Wenye mioyo mizito wana mshauri nasaha, kasisi au imamu. Wake wenyewe wana chama chao. "Lakini wote hao," akasema, "wana saa za kazi. Nataka watu wa saa kumi na mbili jioni."

Nasi tukawa watu wa saa kumi na mbili jioni. Kila mmoja alipewa nyumba mbili, na kila nyumba ilitembelewa mara mbili kwa juma, kuwe na shida au kusiwe. Daftari letu lilikuwa na mambo madogo madogo. Kumpeleka mtoto kliniki. Kushika foleni benki. Kumwita fundi wa bomba na kusimama pale mpaka amalize, kwa kuwa kuna mafundi ambao wakijua mwenye nyumba hayupo hudai bei mara mbili. Kukaa na watoto Jumamosi mama aende sokoni peke yake, asikie miguu yake mwenyewe.

Pengine wadhani mwezi wa kwanza ndio mgumu. La hasha. Mwezi wa kwanza ndugu hupiga simu na majirani hujali. Mwezi wa nne ndio mgumu. Hapo watu wamezoea. Karo inadaiwa, mtoto anaugua usiku wa manane, kadi ya benki imekwama na namba ya siri aijuaye yuko mahali ambapo simu haishiki. Mama mkwe kijijini anauliza pesa za mwanawe zinakwenda wapi. Na mume akibahatika kupiga simu kwa dakika tano, mama anasema, "Sisi wazima," kisha anakata na kukaa kitako sakafuni. Hataki kumtwisha mtu aliyeshika bunduki mzigo wa bomba linalovuja.

Muuguzi wetu alikuwa na mbinu yake kwa ajili ya watoto. Alimpa kila mtoto chupa yenye maharagwe, moja kwa kila siku ya safari ya baba, na akaongeza machache kwa kuwa safari za jeshi hucheleweshwa. Kila jioni mtoto alitoa harage moja. Mtoto mdogo hajui maana ya miezi kumi, lakini anaona chupa inapungua.

Sasa nifike pale nilipokosea.

Mojawapo ya nyumba zangu mbili ilikuwa ya mama mmoja kijana, ambaye jina lake nalihifadhi. Alikuwa amepanga nyumba nje ya kambi. Alikuwa na mvulana wa darasa la tatu na msichana wa miezi minane ambaye baba yake alimwacha akiwa hajaota jino. Nilimpenda mama yule kama mdogo wangu.

Ijumaa, Januari 15, 2016, alfajiri, kundi la al-Shabaab lilishambulia kambi ya wanajeshi wetu huko El Adde, katika eneo la Gedo, Somalia. Sisi tulisikia asubuhi shuleni, redioni. Wengi wa askari waliokuwa kule walitoka katika batalioni ya hapa Eldoret. Sitasahau jinsi ua la shule lilivyonyamaza wakati wa mapumziko, watoto mia kadhaa wamesimama tu.

Siku zilizofuata hazikuwa na usiku wala mchana. Picha za kutisha zilisambazwa katika simu. Kila mtu alikuwa na binamu aliyesikia kutoka kwa rafiki aliyesikia. Idadi ya waliokufa haikutangazwa rasmi, na uvumi ukaziba nafasi hiyo. Wake wa askari walikaa na simu mapajani kama watu waliopakata watoto wagonjwa.

Jumapili jioni mtu ninayemheshimu alinipigia simu. Alisema ameambiwa na anayejua kwamba kuna orodha ya waliookolewa, na jina la mume wa mama yule limo. Msomaji mpenzi, sikuuliza orodha hiyo imeonwa na nani. Sikumwuliza kasisi. Nilitupa mtandio begani nikakimbia, nikisema moyoni kwamba Mungu amenipa mimi bahati ya kupeleka habari njema. "Yu hai," nilimwambia mlangoni. "Wamempata."

Alipiga magoti. Alilia kwa furaha, nami nikalia naye. Alimpigia mama mkwe wake kijijini, na kule wakaimba usiku kucha. Mvulana alitoa harage lake la siku hiyo akiruka ruka.

Jumatano, maafisa wawili na kasisi walifika nyumbani kwake. Mumewe hakuwamo katika orodha yoyote ya waliookolewa. Alihesabiwa miongoni mwa wasiojulikana walipo. Ilitangazwa kwamba baadhi ya miili ingetambuliwa kwa vipimo vya DNA, na majuma yakapita kabla hajaambiwa kwa hakika kwamba amefiwa.

Huko kijijini mama mkwe alikataa kuwasikiliza maafisa. "Mwalimu alisema yu hai," alijibu kila aliyekwenda kumpa pole. Majuma yote hayo aliendelea kumwekea mwanawe chakula. Mwili ulipofika, wazee walilazimika kumshika mkono na kumwonyesha jeneza. Na mama yule, siku niliyothubutu kumwendea, aliniambia neno moja tu: "Mwalimu, umenifanya nimlilie mara mbili." Kisha akafunga mlango taratibu, bila kuubamiza. Heri angeubamiza.

Januari 27 mwaka huo ilifanyika ibada ya kumbukumbu kambini Eldoret, na marais watatu walihudhuria, wa Kenya, Nigeria na Somalia. Mimi sikutoka nyumbani. Nilimrudishia kasisi daftari langu nikamwambia sifai. Nilimweleza yote, hata habari za Mama Mkubwa na barua zake. Nilikuwa nimemwazima mama yule mdomo, kitu ambacho hakukiomba.

Kasisi alinyamaza kitambo. Kisha akanieleza jambo ambalo sikulijua. Katika kazi yao, habari ya kifo au ya kuokoka haiendi nyumbani kwa mtu mpaka imethibitishwa, na inapokwenda huenda na mtu aliyepewa jukumu hilo, ana kwa ana, bila kupitia simu ya jirani. Ucheleweshaji huo huumiza, naye alikiri kwamba huwaumiza hata wao. Lakini neno likitoka na likawa la uongo, hakuna wa kulirudisha. Alinirudishia daftari mkononi. "Rudi," akasema. "Safari hii nenda na unga."

Nilikwenda na pakiti mbili za unga. Mara ya kwanza mlango haukufunguliwa, nikaziacha kizingitini. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu mvulana alifungua, akachukua unga, akasema asante. Mara ya nne mama mwenyewe alifungua. Hakunikaribisha kiti. Alikuwa amembeba mtoto mwenye homa, na nguo zilikuwa zimelowekwa tangu jana. Nilikunja mikono nikafua. Hatukuzungumza. Nilipoanika ya mwisho alinipa chai.

Kwa miezi mingi hatukuzungumza zaidi ya hapo. Nilifua, nilipika, nilimsindikiza ofisini kufuatia haki za mjane, nikakaa naye kwenye benchi hata saa nne mfululizo. Chupa ya maharagwe ilibaki juu ya kabati, hakuna aliyeigusa. Siku moja mwezi wa Agosti nilifika nikakuta ameyapika. Alipakua sahani nne, moja yangu, tukala sote. Mvulana aliomba aongezewe.

Msomaji, huenda unajiuliza haya yanakuhusu nini wewe ukaaye Nairobi, Nakuru au Mombasa. Yanakuhusu kwa kuwa familia nyingi za askari haziishi kambini. Zimepanga nyumba Kahawa West, Lanet, Likoni, Nanyuki na Gilgil, pengine ukuta mmoja na wewe. AMISOM ilifuatwa na ATMIS Aprili 2022, na kuanzia Januari 2025 kikosi hicho kimeitwa AUSSOM. Kati ya Novemba 2022 na Desemba 2023 askari wetu walikuwa pia mashariki ya Congo. Majina ya misheni hubadilika, lakini yule mama anayerudi nyumbani na mtoto mgongoni ni yule yule. Kwa hivyo niruhusu nikuachie haya machache niliyojifunza kwa gharama ya mtu mwingine.

Kwanza, usimwambie, "Ukihitaji chochote niite." Hatakuita. Mwambie, "Jumanne nakwenda sokoni, nikuletee nini?" au, "Kesho nitawapeleka watoto shule pamoja na wangu." Msaada wenye siku na saa hupokelewa, kwa kuwa mtu haoni haya kuuomba.

Pili, usimwulize amesikia nini kutoka kule. Kila swali la namna hiyo humkumbusha kwamba hajasikia kitu. Kukiwa na tukio, usimpelekee picha wala orodha, hata kama wewe waiamini. Mkabidhi kwa kasisi, imamu au afisa wake, nawe nenda ukakae naye. Ukiwa huna la kusema, osha vyombo.

Tatu, chunga siri za nyumba hiyo. Utaona barua ya deni, utasikia ugomvi wa simu, utamkuta akilia. Usiyapeleke kwenye chama chenu cha Jumapili, hata kwa jina la maombi.

Nne, uwe na kipimo. Sisi tunaojitolea si waganga. Ukiona mama halali wala hali, au anasema maneno ya kukata tamaa, au mtoto amekuwa bubu, mpeleke kwa mshauri nasaha au zahanati siku hiyo hiyo, na umsindikize.

Tano, baba akirudi, jitenge kidogo. Mtoto atajificha nyuma ya mama, asimjue babake. Mama amezoea kuamua mambo peke yake, na baba amezoea kutoa na kupokea amri. Wape majuma mawili matatu wagongane na kuzoeana bila mgeni sebuleni. Lakini akiwa anaruka kitandani usiku au anakasirikia kishindo cha mlango, mwambie mkewe kwa siri kwamba si yeye wa kwanza, na kwamba wapo waliosomea kumsaidia.

Mvulana wa maharagwe amekwisha maliza kidato cha nne. Dada yake amepata baiskeli na magoti yenye makovu. Mama yao ana kibanda cha nguo, na tangu mwaka 2018 amekuwa mmoja wetu. Sikumwomba, alikuja mwenyewe akaomba nyumba mbili.

Mwaka jana tulipokea wanachama wapya watatu, nami nikamwomba awaambie neno. Nilidhani atawasimulia El Adde. Alisimama akawatazama, akasema, "Wengine hapa watawapa mafunzo marefu. Mimi nawaomba kitu kimoja. Mkifika mlangoni, muwe mmebeba kitu cha kuliwa, na mdomo uwe umefungwa." Kisha akaketi.

Hakunitazama. Lakini jioni hiyo, tulipokuwa tukiosha vikombe, alinipa kitambaa nikaushe huku yeye akisuuza, na alinisimulia kwa mara ya kwanza jinsi alivyokutana na mumewe. Ni kisa kirefu chenye kuchekesha, na kina mambo ya matatu na mvua ya Aprili. Utanisamehe, msomaji, sitakusimulia.